Reli ipo nyuma ya nyumba, foleni ipo mbele

Kiwanja changu cha Uyole, hapa Mbeya, nilikinunua mwaka 2011, kwa hela niliyoidunduliza miaka sita nikiwa nimepanga chumba Soweto. Dalali alinisimamisha pembeni ya barabara kuu ya kwenda Zambia, ile ambayo wazee bado wanaiita TANZAM, akaniambia, "Mdogo wangu, hapa ukifungua mlango tu umeshapanda gari." Hakunidanganya. Miaka ile konda wa haisi alikuwa akiniona nafunga mlango anagonga bati, dereva anasimama, wananisubiri. Nyuma ya mtaa wetu, mwendo wa dakika kumi kwa miguu, inapita reli ya TAZARA, ile ya Tanzania na Zambia. Sikuuliza chochote kuhusu reli. Nilikuwa nanunua barabara.

Naandika haya kwa ajili ya vijana wanaonunua viwanja sasa hivi Inyala, Igawilo, Iwambi, Mbalizi na kote ambako Mbeya inatanukia, maana nawasikia wakisema maneno yale yale niliyosema mimi: njia nne zikikamilika, tumepona. Natamani mwaka ule mtu angenikalisha kwenye benchi akanieleza haya niliyokuja kuyajua kwa kuchelewa kazini, kwa kubomoa nilichojenga, na kwa kumsikiliza baba yangu, ambaye kwa muda mrefu sikuwa namsikiliza.

Mimi ni fundi mitambo kwenye kiwanda kimoja Iyunga. Uyole ipo mashariki ya jiji, Iyunga ipo magharibi, na katikati yake jiji limeanikwa juu ya barabara moja kama nguo kwenye kamba: Nane Nane, Sae, Ilomba, Soweto, Mafiati. Zamu yangu inaanza saa moja asubuhi. Mwaka wa kwanza nilikuwa natoka nyumbani saa kumi na mbili kasorobo, na saa kumi na mbili na nusu nimeshakaa kwa mama ntilie aliye nje ya geti, nakunywa chai kwa chapati bila haraka. Kufika mwaka 2018 nilikuwa natoka saa kumi na moja alfajiri na bado sina uhakika wa kuwahi. Nimepewa barua mbili za onyo. Ya pili niliisoma nikiwa nimesimama ndani ya Kosta, mkono mmoja umeshika bomba, na gari lenyewe halisogei.

Foleni yetu haifanani na ya Dar es Salaam, ya magari madogo yaliyojazana. Yetu ni ya semi. Mizigo ya bandarini inayokwenda Zambia na Kongo inapita mlangoni kwetu, matangi ya mafuta yanapita mlangoni kwetu, na shaba inayoshuka kwenda kupakiwa melini inapita hapo hapo. Pale Uyole inaungana na njia ya Tukuyu na Kyela inayotoka mpakani Kasumulu, yenye malori ya ndizi na viazi. Juu ya hayo yote weka bajaji, bodaboda, daladala, mikokoteni na wanafunzi. Semi moja ikikata breki au ikilala ubavu, jiji zima linasimama, kwa sababu pembeni hakuna njia nyingine ya lami ya kuchepukia. Madereva wenye pupa wanatanua, wanapita kwenye vumbi la kandokando ya lami, kisha wanakuja kuchomeka mbele, na hapo ndipo fundo linapokaza kabisa.

Usiku nilikuwa narudi saa tatu. Watoto wamelala, ugali upo kwenye hotipoti. Jumapili moja tukiwa tunakula mchana niligundua mwanangu wa pili ameng'oka meno mawili ya mbele, na moja lilikuwa limeshaanza kuota upya. Nilimuuliza mke wangu yaling'oka lini. Akaniambia, "Baba, hilo lililoota liling'oka kabla ya sikukuu." Sikuweza kuendelea kula.

Kwa hiyo habari za upanuzi zilipokuja, kwamba kutoka Nsalaga, hapa hapa Uyole, hadi Ifisi kule karibu na uwanja wa ndege wa Songwe, kilometa 29 zitajengwa njia nne, hakuna aliyefurahi kuliko mimi. Nilihudhuria mikutano. Niliwaelezea wenzangu kazini. Niliamini kwa moyo wote, na sioni aibu kusema hivyo, kwa sababu uhitaji ulikuwepo na bado upo. Aliyewahi kusimama kandokando ya mteremko wa Mlima Nyoka au ule wa Iwambi, akanusa breki zinazoungua huku semi inapiga honi bila kukoma, hawezi kusema barabara hii ibaki kama ilivyo. Nimeshuhudia watu wakifunikwa khanga pale. Barabara lazima itengenezwe.

Wapimaji walikuja na kopo la rangi nyekundu. Mke wangu alikuwa na fremu mbili mbele ya nyumba, moja duka la vyakula, nyingine amempangisha fundi cherehani. Kijana alichovya brashi, akachora X kwenye ukuta wa duka, na kwa kuwa rangi ilikuwa nyepesi ilichuruzika hadi kwenye ngazi. Mke wangu alichukua kitambaa akafuta ile iliyochuruzika, akaacha X. Nilimuuliza kwa nini anaifuta. Akasema wateja watakanyaga.

Jambo hili nalieleza polepole kwa sababu watu wengi hawalijui mpaka siku rangi inapofika. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 iliongeza hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande, zikipimwa kuanzia katikati ya barabara. Aliyejenga zamani, nje ya zile mita 22.5 za kwanza, kisha sheria mpya ikamkuta, huyo barabara imemfuata yeye. Anachorewa X ya kijani na anastahili fidia. Aliyejenga ndani ya hifadhi, huyo ameifuata barabara. X yake ni nyekundu na halipwi kitu. Jirani yangu, bibi mmoja mjane aliyekaa pale tangu miaka ya themanini, alipata kijani na alilipwa. Mimi nilinunua mwaka 2011, miaka minne baada ya sheria, na sikuwahi kuomba mtu yeyote anipimie. Dalali alinionyesha jiwe la mpaka, nikaliamini jiwe. Futi kamba ya mita 30 ingeniokoa. Ukienda kuona kiwanja, nenda nayo, anza kupima katikati ya lami, na usione haya hata kama muuzaji amenuna.

Fremu tulizibomoa wenyewe ili tuokoe mali. Tulitoa mabati kwanza, kisha mbao, kisha tukaanza kung'oa tofali moja moja kwa nyundo na tindo, watoto wanazipanga nyuma ya nyumba. Yule fundi cherehani alikuja kusaidia ingawa alikuwa hatudai chochote wala hatumdai. Nzima zilipatikana kama nusu. Hizo nusu ndizo zilizojenga chumba cha baba.

Ujenzi ulikuwa na vumbi na michepuko kama ujenzi wowote, sina haja ya kuurefusha. Ninachotaka kusimulia ni kilichofuata kipande cha kwanza karibu na kwetu kilipoanza kupitisha magari. Wiki tatu za mwanzo nilirudi kwenye maisha ya mwaka 2011. Nilinywa chai tena kwa mama ntilie. Mwezi wa pili semi zikaanza kuegesha kwenye njia ya pembeni usiku kucha, na bajaji zikageuza kila upana mpya kuwa kijiwe. Mwezi wa nne foleni ilikuwa imerudi, ila imehama. Sasa ilikuwa inaanzia pale njia nne zinapobanwa kuwa mbili. Magari yanafika kwa kasi na kwa wingi zaidi, yanakutana na mlango ule ule.

Halafu kuna viwanja. Barabara ilipoanza kupitika, madalali walihamia mbele zaidi, upande wa Inyala, na maneno ni yale yale: ukifungua mlango umeshapanda gari. Wafanyakazi wenzangu watatu wamenunua huko, kwa sababu barabara imekuwa nzuri. Kila asubuhi wanaingia kwenye barabara hiyo hiyo niliyokuwa nasubiri inisaidie mimi. Siwalaumu hata kidogo. Nilifanya hivyo hivyo. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 385,279 katika Jiji la Mbeya, na ya 2022 ikahesabu 541,603. Ni zaidi ya laki moja na nusu walioongezeka ndani ya miaka kumi, na hapo Mbalizi haimo, kwa sababu kiutawala ipo halmashauri nyingine. Watu hao wanajenga pembeni, kwa kuwa katikati hakuna nafasi na bei haishikiki. Wote wanaegemea kamba moja ya nguo.

Nilipoanza kulalamika nyumbani ndipo baba alipopata mwanya.

Baba alikuwa mtu wa genge la reli. Alianza akiwa kijana, wakati Wachina na Watanzania wanaipitisha reli kwenye nyanda zetu hizi. Reli ilifika Tunduma mwaka 1973, ikakamilika hadi New Kapiri Mposhi, Zambia, mwaka 1975, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam. Baada ya hapo akaajiriwa kwenye matengenezo: kukaza bolti, kushindilia kokoto za machimbo ya Kongolo chini ya mataruma, kusafisha mitaro ili maji yasile tuta. Alipostaafu na mama akawa ametangulia, nilimchukua akaja kukaa na sisi. Kile chumba cha tofali zilizookolewa nilikipangia kitazame mbele, barabarani, nikidhani mzee atafurahia kuona watu. Akaomba dirisha liwe upande wa nyuma.

Ana daftari la shule ambalo anaandika kila treni inayopita. Tarehe, saa, inapanda au inashuka, mabehewa mangapi. Usiku anahesabu akiwa kitandani, taa imezimwa. Nilimuuliza anawezaje. Akaniambia kila ekseli inagonga kwenye kiungo cha reli, na behewa moja lina ekseli nne, mbili mbele na mbili nyuma, kwa hiyo unasikia ta-ta, kimya kidogo, ta-ta. Alinikalisha kitandani usiku mmoja, akanishika kifundo cha mkono, na kila behewa likipita ananibinya mara moja. Yalikuwa kumi na tisa. Siku iliyofuata kwenye daftari ameandika kumi na tisa, na pembeni jina langu.

Zipo kurasa zenye mistari mingi na zipo zenye tarehe tupu, siku nzima haikupita treni. Miaka ya sabini na themanini reli hii iliwahi kubeba zaidi ya tani milioni moja kwa mwaka. Mwaka 2014/15 ilishuka chini ya tani laki moja. Mizigo haikupotea duniani. Ilipanda juu ya semi ikaja kupita mlangoni kwangu. Hilo nililiona siku nilipoweka daftari la baba kando ya kumbukumbu yangu ya foleni: miaka aliyokuwa anaandika mistari michache ndiyo miaka niliyoanza kutoka nyumbani saa kumi na moja.

Tulipiga hesabu pamoja, mimi na yeye, juu ya meza ya jikoni. Behewa la mizigo linabeba tani arobaini hivi. Treni ya mabehewa ishirini ni tani mia nane. Semi moja inabeba kama tani thelathini, na kwa sheria gari lote pamoja na mzigo halitakiwi kuzidi tani 56. Kwa hiyo treni moja ya kawaida inaondoa barabarani semi ishirini na sita au saba. Treni nne kwa siku, mbili zinapanda mbili zinashuka, ni semi zaidi ya mia moja ambazo hazitapita Uyole, hazitapita Mafiati, hazitashuka Iwambi breki zikiungua. Semi hizo ndizo pia zinazobonyeza lami mpaka inafanya mifereji miwili ambayo bajaji ikiingia haitoki. Kila ukitandika lami mpya, mzigo ule ule unaikanyaga, unatandika tena. Baba hakusoma uhandisi, lakini jambo hilo alilisema kwa namna ambayo sijaisikia kwenye mkutano wowote: "Mwanangu, chuma kimetengenezwa kibebe chuma. Lami mwachieni mama mwenye ndizi."

Jambo lingine alilonifundisha ni kwamba Uyole ndipo mahali pa juu kabisa kwenye reli yote, mita 1,789 kutoka usawa wa bahari. Nilikuwa nimeishi pale miaka yote hiyo bila kujua. Alilisema kwa uchungu: "Tumetoboa milima kutoka Mlimba hadi Makambako, tumejenga madaraja juu ya mabonde ambayo hata mbuzi anaogopa. Wenzangu wengine wamebaki kule. Injini ikifika Uyole imemaliza kupanda. Imefika juu, mlangoni kwako, halafu wewe unakwenda kusimama barabarani."

Nilikuwa namjibu kwamba hiyo ni reli ya mizigo na ya wasafiri wa mbali, sisi wa kwenda kazini haituhusu. Mpaka asubuhi moja ya Juni.

Ilikuwa baridi ile ya ukungu unaoganda kwenye nyusi. Semi ilikuwa imelala katikati ya barabara mbele ya Nane Nane, na kuanzia saa kumi na moja hakuna gari lililosogea. Watu walishuka wakaanza kutembea. Nilirudi nyumbani kuchukua koti zito ili nami nitembee, nikamkuta baba amesimama mlangoni na fimbo yake. Akasema treni ya abiria ipo njiani inakuja, kaambiwa na kijana wa stesheni, twende. Nilikwenda kwa sababu sikuwa na la kufanya. Njiani tuliungana na jirani yetu muuguzi, wanafunzi wawili wa sekondari na mama mmoja mwenye tenga la nyanya.

Treni ilisimama stesheni ya Uyole. Tulikata tiketi, tukapanda. Ndani abiria waliotoka pwani walikuwa wamejifunika mashuka, wanatushangaa na matope yetu. Ikaondoka taratibu. Niliona jiji langu kwa nyuma, upande ambao sijawahi kuuona: migomba, mabanda ya kuku, mabonde ya mboga, watoto wanaopunga mikono, nguo za shule kwenye senyenge. Hakuna aliyepiga honi. Yule mama aliweka tenga lake kati ya miguu, akafunga macho. Kama nusu saa hivi tulikuwa stesheni ya Mbeya, ambayo ipo huko huko Iyunga, na kutoka pale nilitembea hadi kiwandani. Nilifika nimechelewa kwa saa moja. Wenzangu waliobaki kwenye magari waliingia saa tano na nusu. Muuguzi aliniambia baadaye kwamba aliyekuwa anampokea zamu alikuwa amekesha na hakuwa na mtu mwingine wa kumwachia wodi.

Nusu saa. Kwenye reli ambayo ipo tayari, kwenye stesheni ambazo zipo tayari, zilizojengwa kabla sijazaliwa.

Kuna watakaosema treni ya mjini ni mambo ya Dar es Salaam. Ni kweli ilianzia kule, Oktoba 2012, na waziri wa uchukuzi aliyeisukuma alikuwa Dk. Harrison Mwakyembe, mbunge wa Kyela, mtu wa huku kwetu. Mpaka leo watu wanaiita treni ya Mwakyembe. Upande mmoja ilitumia njia ya reli ya kati, na upande mwingine ilitumia reli hii hii ya TAZARA, kutoka Mwakanga kuingia mjini. Dada yangu alikuwa anakaa upande huo. Nilipokwenda kumsalimia nilipanda naye asubuhi, tumesimama tumebanana, jasho linatiririka, na bado alikuwa na furaha kwa sababu alikuwa anajua atafika saa ngapi. Mabehewa yalikuwa ya zamani na safari zilikuwa za asubuhi na jioni tu. Haikuwa kitu cha kifahari. Ilikuwa reli ya zamani iliyopewa kazi ya pili.

Huyo dada baadaye alihamia upande wa Kimara. Kule barabara ya Morogoro imepanuliwa kutoka Kimara hadi Kibaha, kutoka njia mbili hadi nane. Njia nane! Nilimpigia simu kumpongeza. Akasema mwanzoni ilikuwa raha sana, sasa mji umefika Kibaha na kuipita, na asubuhi anaamka saa ile ile. Hakusema kwa kulalamika, alikuwa ananipa habari. Mimi ndiye niliyekaa kimya kwenye simu, nikiwaza zetu nne.

Sijageuka kuwa mpinzani wa barabara. Reli haiwezi kuingia kila mtaa, haimchukui mgonjwa mlangoni, na treni ya abiria isiyo na bajaji za kuwapokea watu stesheni ni nusu ya kazi. Najua pia njia ni moja. Baba amenieleza kwamba treni mbili zinapishana stesheni tu, kwa hiyo ukitaka treni ya asubuhi ya Uyole kwenda Iyunga lazima ratiba ya mizigo ijue mapema na iiheshimu, na njia za kupishania ziwe zima. Ni kazi ya watu wenye akili na nidhamu, siyo miujiza. Ninachosema ni kwamba tumeipa barabara mzigo wa watu wawili, tukaipanua ili iendelee kubeba mzigo wa watu wawili, wakati wa pili amekaa nyuma ya nyumba mikono mitupu.

Na wakati wenyewe ni huu. Septemba 2024 kule Beijing, Rais Samia Suluhu Hassan, Rais Hakainde Hichilema wa Zambia na Rais Xi Jinping walishuhudia makubaliano ya awali ya kuifufua TAZARA. Septemba 2025 mkataba ukasainiwa na kampuni ya Kichina ya CCECC, wa miaka 30, uwekezaji wa dola za Marekani bilioni 1.4. Baba alitaka nimsomee habari hiyo mara mbili. Kila anayezungumza anazungumza shaba na bandari, na ni sawa, maana kila tani ya shaba inayopanda behewa ni nafuu kwa barabara yetu. Lakini mambo yanayopangwa mwanzoni ndiyo yanayokaa miaka thelathini. Kama treni ya wafanyakazi na wanafunzi haitatajwa sasa, mwanangu aliyeng'oka meno atakuwa na wajukuu ndipo itajwe.

Jambo linaloninyima usingizi zaidi ni ardhi. Viwanja vya kuzunguka stesheni vinauzwa. Nilikwenda na baba mwezi uliopita. Akasimama kwenye jukwaa, akanionyesha kwa fimbo mahali ambapo siku moja mtu atahitaji kuweka kituo cha bajaji, njia ya pili ya kupishania, choo, mabanda ya mama ntilie, barabara ya kuingilia. Sehemu mbili kati ya hizo tayari zina msingi wa nyumba. Mmoja ulikuwa umemwagwa zege siku hiyo hiyo, bado umefunikwa mifuko ya saruji iliyolowa. Mwenye nyumba alikuwepo, kijana mpole, akatuamkia, akamletea baba kiti. Nilimuuliza kama amepima umbali kutoka relini. Akanionyesha jiwe la mpaka.

Sikuwa na moyo wa kuendelea. Baba ndiye aliyeendelea. Alimwomba futi kamba, akamshikisha ncha moja, yeye akaenda na nyingine hadi kwenye reli, anatembea juu ya mataruma bila kutazama chini, kama mtu aliye sebuleni kwake. Wakapima mara mbili. Msingi ulikuwa nje ya hifadhi ya reli kwa hatua chache, yupo salama kwa leo. Baba akamshukuru kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo, mwanangu. Choo chimba upande ule, usije huku." Kijana akaahidi.

Kwenye mkutano wa mtaa nilisimama, mimi ambaye huwa sisimami. Nilieleza habari ya treni ya asubuhi, Uyole hadi Iyunga kwa kuanzia, halafu Mbalizi, na nikaomba eneo la stesheni lipimwe na kuwekewa alama kabla halijaisha. Baadhi walicheka kidogo. Muuguzi alisimama akasimulia ile asubuhi ya Juni, na kicheko kikaisha. Mwenyekiti alisema tuandike barua. Tumeiandika, kurasa mbili, majina arobaini na moja na sahihi, na nyuma yake tumeambatisha nakala za kurasa sita za daftari la baba. Alizichagua mwenyewe: tatu zenye mistari mingi, tatu zenye tarehe tupu. Niliipeleka kwa mkono. Karani aliigonga muhuri, akanipa nakala yangu, akauliza zile namba za mwisho ni za nini.

Nilimwambia ni mabehewa.